Wanafunzi 45 msituni Amani: wataona nini bila simba?

*"Mimi ni mwalimu wa Baiolojia kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Tanga mjini. Mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi mbugani Saadani. Walikaa ndani ya basi, wakaona nyati, twiga na tembo mmoja kwa mbali, wakapiga picha, tukarudi. Wiki iliyofuata nilipowauliza wamejifunza nini kuhusu ikolojia, nusu ya darasa waliniandikia orodha ya majina ya wanyama. Mwaka huu nataka niwapeleke Amani kwa siku tatu. Wako 45. Mkuu wa shule anasema msituni hakuna wanyama, watoto wataona miti tu ambayo hata kwao ipo. Wazazi kwenye kikao walishikilia nyoka na malaria. Na mimi mwenyewe, kusema kweli, nilifika Amani mara moja nikiwa chuoni, tukapitishwa njiani haraka haraka, sikuona hata kima. Je, kuna cha kujifunza kule kwa kundi kubwa namna hii, au nirudi tu Saadani?"*

Mwalimu, tukiweka kando kwanza nyoka na malaria, ambavyo nitavifikia, wasiwasi wako ni kwamba utatumia fedha za wazazi, utabeba dhamana ya watoto wa watu kwa siku tatu, halafu warudi wakisema "tuliona miti". Una haki ya kuwa nao. Mimi ni mtu wa ikolojia ya misitu na nimeongoza makundi ya shule Usambara Mashariki, milima yenye msitu huo wa Amani, na jambo hilo nimeliona likitokea. Chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: kundi linapelekwa msituni kwa mtindo wa mbugani. Basi jibu langu ni uende Amani, lakini usiende kusaka wanyama, na usiwatembeze wote 45 katika mstari mmoja. Ukishindwa kubadilisha mambo hayo mawili, kweli ni bora urudi Saadani.

Mkuu wako wa shule hajakosea kabisa. Amani hakuna simba, hakuna twiga, hakuna makundi ya nyati. Ila hilo usiliache lipite hivi hivi, ligeuze liwe swali la darasani: inakuwaje msitu uliojaa majani kila upande unalisha wanyama wakubwa wachache kuliko nyika inayokauka miezi kadhaa ya mwaka? Wanafunzi wengi, na watu wazima pia, hudhani kijani kingi ni chakula kingi. Saadani chakula kiko usawa wa mdomo. Nyasi huchipua kutokea chini karibu na ardhi, kwa hiyo nyati akizikata juu hazifi, na mvua ikinyesha zinarudi. Amani kijani kimepanda kufuata jua, mita 30 na zaidi kutoka ardhini, na mwanga unaopenya hadi chini ni kama asilimia moja au mbili tu ya ule wa juu. Mnyama mzito asiyepanda miti atakula nini hapo? Na hata huko juu majani hayatolewi bure. Mti unaoishi miaka mingi mahali pamoja hauna pa kukimbilia, kwa hiyo huyawekea majani yake tanini, utomvu na sumu za kila namna. Ndiyo maana wanyama wa msituni wengi ni wa kupanda, wa kuruka, au wadogo.

Mbega ni mfano mzuri, na Amani wapo. Anakula majani yale yale magumu kwa sababu tumbo lake limegawanyika vyumba, na ndani yake bakteria huyachachua polepole. Mwanafunzi akimwona mbega ameketi juu ya tawi asubuhi nzima bila kushughulika atasema ni mvivu. Mwambie aandike muda aliokaa, halafu mkirudi darasani muunganishe na somo la mmeng'enyo. Hiyo orodha ya majina uliyoandikiwa mwaka jana haitatokea tena, kwa sababu safari hii hakuna majina mengi ya kuorodhesha. Kuna sababu za kutafuta.

Dhana ya pili naomba uifute mapema, kwa sababu usipoifuta wewe itarudi na wanafunzi nyumbani. Ni ile kwamba miti mikubwa ni ushahidi wa udongo wenye rutuba. Udongo wa huko juu ni mkongwe, una tindikali, na mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka imeusuuza kwa muda mrefu sana. Sehemu kubwa ya virutubisho haiko ardhini, iko ndani ya mimea yenyewe. Jani likianguka, wadudu, jongoo, mchwa na kuvu hulishughulikia upesi, na kabla madini yake hayajasombwa na mvua, mizizi ya juu juu, ikisaidiwa na kuvu wanaoishi nayo, imeshayanyonya. Msitu unaishi kama duka la mtaani lisilo na stoo: mzigo ulioingia asubuhi, jioni umeshatoka. Ukikata miti umevunja mzunguko, na kilichobaki ardhini hakidumu.

Wenyeji wa Usambara Mashariki wanalijua hili kwa mikono yao. Iliki ililimwa sana chini ya kivuli cha msitu. Mkulima alifyeka mimea ya chini akaacha miti mikubwa, na miaka ya mwanzo mavuno yalikuwa mazuri, kisha yakapungua, akasogea mbele. Kwa mbali msitu ulionekana mzima, lakini miche ilikuwa imefyekwa, kwa hiyo mti mzee ukianguka hapakuwa na kijana wa kushika nafasi yake. Utapita kwenye mashamba ya chai njiani. Simamisha gari mahali salama ambapo chai inagusana na msitu, waulize kwa nini upande mmoja unahitaji mbolea ya kununua na mwingine hauhitaji.

Kuhusu "miti ambayo hata kwao ipo", hapo ndipo mkuu wako amekosea kwa kweli. Usambara Mashariki ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita kule Kenya, ukapita Pare, Usambara, Uluguru na mingineyo hadi Udzungwa. Pepo za Bahari ya Hindi huleta unyevu, milima inaukamata, na misitu hii imebaki na unyevu kwa mamilioni ya miaka hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Kila mlima ukabaki peke yake katikati ya nyika, na viumbe vilivyofungiwa juu yake vikaenda njia yao. Kwa hiyo kuna ndege, vinyonga, vyura na mimea ambayo ukiikosa huko huipati kwingine duniani. Yale maua madogo ya zambarau yanayofugwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, Saintpaulia, jina lake linatokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga na kuyapeleka kwao mwaka 1892. Asili yake ni miamba yenye kivuli ya Usambara. Mwanafunzi wa Tanga anayeyaona yameota kwenye jiwe, karibu na kijito, yuko kwenye chimbuko lenyewe.

Kwa somo la uzazi kuna kitu bora zaidi: chura mdogo wa huko, jamii ya Nectophrynoides, ambaye hatagi mayai majini. Anabeba mayai tumboni na kuzaa vyura wadogo waliokamilika, bila hatua ya kiluwiluwi kuogelea dimbwini. Ni ndugu wa karibu wa wale vyura wa Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, waliotoweka porini baada ya maji ya maporomoko kuchepushwa kwa ajili ya umeme, wakaokolewa kwa kuzalishwa Marekani na kuanza kurudishwa mwaka 2012. Tunawafundisha watoto kwamba vyura hutaga majini, kisha wao wanaishi mkoa mmoja na chura anayekataa.

Sasa la idadi, maana ndilo lililokunyima kima ulipokuwa chuo. Watu 45 njia moja msituni ni mstari mrefu. Wa mbele anaona, wa kati anasikia stori, wa mwisho anatazama mgongo wa mwenzake. Kima na mbega wako juu, wanawaona na kuwasikia mapema kuliko mnavyodhani, na kufikia mwongoza wageni kunyoosha kidole, tawi linatikisika tu. Gawa wanafunzi makundi matatu ya 15, kila moja na mwalimu wake na mwongoza wageni wake, na makundi yasifuatane. La kwanza liende kijitoni, la pili lifanye kazi ya ardhini nitakayoieleza, la tatu liende bustani ya mimea, ambayo asili yake ni kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na bado ina miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia. Siku ya pili mnabadilishana. Wote 45 wakutane wakati wa chakula na jioni kwenye majadiliano, basi.

Ndani ya kila kundi, weka wanafunzi wawili wawili, umbali wa hatua kumi hivi, waketi kimya dakika 20 asubuhi na mapema. Mwanzoni ni vicheko na kukohoa kwa makusudi, vumilia. Wakishatulia, ndege walionyamaza mlipofika huanza tena, na mwanafunzi anaanza kutofautisha sauti za juu kwenye vilele na za chini kwenye vichaka. Asijue jina la hata ndege mmoja, haidhuru. Aandike sauti ilitoka usawa gani wa mti. Darasa zima likiunganisha karatasi hizo utapata mchoro wa tabaka za msitu ambao wameutengeneza wenyewe.

Kazi ya ardhini ndiyo ninayoiamini kuliko zote, na haigharimu zaidi ya kamba, vijiti vinne, kipimajoto na sahani nyeupe ya plastiki. Pimeni mraba wa mita moja kwa mita moja. Wanafunzi watano wapige magoti kuuzunguka, waondoe majani tabaka kwa tabaka. Juu ni majani makavu mazima. Chini yake kuna yaliyotobolewa, kisha yaliyobaki mishipa mitupu, kisha weusi usio na umbo ambapo nyuzi nyeupe za kuvu zinaonekana kwa macho, na vimizizi vyembamba vimepanda kutoka ardhini kuingia ndani ya uozo huo. Hapo dhana ya duka lisilo na stoo haihitaji maelezo yako. Wadudu wawekwe sahanini kwa vijiti, si kwa vidole, wapangwe kwa idadi ya miguu: sita, minane, mingi, hakuna. Wapime joto la udongo. Wakimaliza warudishe kila kitu kilivyokuwa, kisha warudie kazi ile ile pembeni ya shamba la chai, saa ile ile ya siku ikiwezekana. Ukitoka na jedwali moja lenye safu mbili kwa kila kikundi, umeshapata ripoti ya utafiti mdogo, na hakuna mzazi atakayeuliza watoto waliona nini.

Kuna kisa kimoja zaidi cha kuwapa wale wanaopenda kubishana. Utaona miti mingi mirefu iliyonyooka yenye gome lenye mifereji, Maesopsis eminii, ambayo Waganda huiita musizi. Si ya Usambara. Asili yake ni misitu ya magharibi, Uganda na kando ya Ziwa Viktoria. Ililetwa Amani enzi za ukoloni kwa majaribio, ikapandwa tena kwa wingi baadaye kuziba mapengo yaliyoachwa na ukataji wa magogo, ambao ulikuja kusimamishwa miaka ya 1980. Matunda yake hupendwa na hondohondo, yule ndege mkubwa ambaye mvumo wa mabawa yake unausikia kabla hujamwona. Hondohondo anameza tunda, anaruka mbali, anaangusha mbegu, na mti mgeni unaota mahali ambapo jua limepenya, kwa kasi inayowashinda wenyeji. Lakini hondohondo huyo huyo husambaza pia mbegu za miti ya asili, na jike lake hujifungia ndani ya tundu la mti mzee wakati wa kutaga huku dume likimlisha kupitia ufa mdogo. Je, miti migeni ikatwe yote? Hondohondo atakula nini katika miezi ambayo matunda mengine hayapo? Mwanga mwingi utakaoingia ghafla utaleta miche ya nani? Waache wabishane usiku wa pili, na wewe usitoe jibu. Wataalamu nao hawakubaliani.

Usiku huo usiwaache wakae bwenini. Vinyonga mchana ni shida kuwaona, usiku wanajionyesha. Hulala kwenye ncha za vijiti, mkia umekunjwa, rangi yao imefifia karibu nyeupe, kwa hiyo tochi ikipita kichakani wanang'aa kuliko majani. Wapo wadogo kabisa, wafupi kuliko kidole, wanaolala chini ya usawa wa kiuno. Waangalie bila kuwashika. Na vyura wasiguswe kabisa na mkono uliopakwa dawa ya mbu au sabuni, maana ngozi yao hufyonza kila kitu. Wapo watoto watakaoogopa kinyonga kuliko nyoka kwa sababu ya mambo waliyosikia nyumbani. Usiwacheke wala kuwalazimisha.

Tuje kwa wazazi. Nyoka wapo, tusiwadanganye. Wengi huhisi mtikisiko wa nyayo na kuondoka. Wa kuhofiwa ni jamii ya kifutu, ambao hutegemea rangi yao ya majani makavu na hubaki pale pale. Hivyo kanuni ni mbili tu: usiweke mkono wala mguu mahali usipopaona, na gogo likiwa njiani lipande juu kwanza uangalie upande wa pili kabla ya kushuka. Viatu vifunike vifundo vya miguu, buti za mvua zinatosha, na usiku hakuna hatua bila tochi. Akigongwa mtu, atulizwe, kiungo kisitikisike, pete na saa vivuliwe, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Msifunge kamba ya kubana, msichanje, msinyonye, na lile jiwe jeusi la nyoka mliache nyumbani, kazi yake pekee ni kuwapotezea muda. Siafu mtakutana nao kwa hakika zaidi kuliko nyoka: suruali ndani ya soksi, na anayevamiwa asogee mbali kwanza ndipo ajipukute.

Waambie wazazi pia jambo ambalo hawakuuliza. Hatari kubwa ya safari ya wanafunzi ni gari. Ajali ya basi la shule ya Karatu, Mei 2017, iliondoka na wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, na hao walikuwa kwenye safari ya kwenda kufanya mtihani wa kujipima katika shule nyingine. Tanga hadi Muheza ni lami. Kutoka Muheza kupanda Amani ni barabara yenye kona kali na mteremko mkubwa pembeni, na penye vumbi, mvua ikinyesha panateleza. Usikodi basi moja kubwa kwa sababu ni rahisi kulipia. Coaster mbili zilizokaguliwa, dereva anayeijua ile barabara, na kufika kabla giza halijaingia. Epuka masika, Machi hadi Mei. Kati ya mwisho wa Juni na Septemba kuna baridi na manyunyu lakini njia inapitika. Hatari ya pili ni maji: madimbwi ya mto Sigi yanavutia kuogelea. Kataza, na weka mtu wa kusimamia katazo hilo. Huo mto, kwa taarifa yao, ndio unaojaza bwawa la Mabayani linaloleta maji kwenye mabomba ya Tanga mjini, hivyo hata anayesema msitu haumhusu ameunywa asubuhi.

Malaria ipo pia, ingawa kule juu kuna baridi na mbu ni wachache kuliko Muheza bondeni. Watoto wako wanaishi Tanga, hatari hii si ngeni kwao. Vyandarua, nguo za mikono mirefu kuanzia magharibi na dawa ya kujipaka vinatosha kwa wengi. Lakini si kwa wote, na hapa ushauri wa kwenye maandishi una mwisho. Fomu ya ruhusa ya mzazi iulize waziwazi kuhusu selimundu, pumu, kifafa na mzio wa kuumwa na nyuki. Kila mwenye moja ya hayo aonane na daktari wake kabla ya safari. Mwenye selimundu hasa, maana kupanda mlima, baridi na kukosa maji mwilini vinaweza kumwamshia maumivu, na daktari ndiye wa kusema aende, asiende, au aende kwa masharti gani. Usiamue wewe, wala usimwachie mtoto aamue kwa kuona aibu kubaki.

Nenda mwenyewe kwanza, angalau siku moja, pamoja na mwalimu mwingine. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Onana na mhifadhi ana kwa ana, muulize viwango vya wanafunzi wa Kitanzania, magari, malazi na waongoza wageni, kila kimoja mbali, maana bajeti nyingi huvunjikia kwenye kipengele kilichosahaulika. Angalia bweni lina vitanda vingapi, maji, vyoo, na simu inashika mtandao wapi. Muombe mwongoza wageni akupitishe kwenye njia mtakayotumia, na umwambie mapema kwamba hutaki hotuba ya majina 100 ya miti. Hospitali ya Teule Muheza ifikie pia, uulize kuhusu dawa ya sumu ya nyoka. Ndiyo ya karibu kabla ya Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Tanga mjini. Barua ya kibali kwa ofisa elimu iende mapema ikiwa na ratiba, namba za magari na majina ya walimu, wakiwemo wa kike wa kulala na wasichana.

Na Saadani je? Sikutaka uidharau. Kwa kufundisha tabia za wanyama walao nyasi, uhusiano wa windo na mwindaji, au jinsi moto na ukame unavyoitunza nyika, Saadani ni bora kuliko Amani, mradi wanafunzi wapewe kazi: kundi moja la swala kwa nusu saa, nani anakula, nani ameinua kichwa, kila dakika mbili andika. Tatizo la mwaka jana halikuwa mbuga.

Fedha zikigoma kabisa, unayo mikoko hapo hapo mjini. Chagua siku ya bamvua, maji yanapokupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Muulize mvuvi yeyote. Tembeeni kutoka nchi kavu kuelekea baharini mkiandika miti inavyobadilika, mchu, mkandaa, mkoko, mlilana, kila mmoja na uvumilivu wake wa chumvi na tope. Mwanafunzi aonje jani la mchu kwa ncha ya ulimi: chumvi ile mti umeitoa wenyewe. Ni nusu siku, nauli ya daladala, na kwa kidato cha kwanza na cha pili ningeanzia hapo kabla ya kufikiria mlima.

Kwa hawa wa kidato cha tatu, ukipata walimu watatu walio tayari, Coaster mbili na kibali, nenda Amani. Mkisharudi, watumie wazazi ujumbe mmoja: mwanafunzi yeyote akipata homa ndani ya mwezi mmoja asipewe panadol akaambiwa alale. Apelekwe kupima siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe kwamba mtoto alilala Amani, lini, na kama alikumbuka kuumwa na kitu chochote.